Kanisa limetupatia ukumbi, wenzangu wanaogopa tutamezwa

"Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kisumu. Tulianza kukutana baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha na hatujaacha: tunafuatilia pesa za kaunti, tunafundishana Katiba, tunawatafutia mawakili wanaokamatwa. Kanisa moja limejitolea kutupa ukumbi bure, na vijana wa msikitini nao wanataka kujiunga. Nusu ya wenzangu wamekataa katakata. Wanasema watu wa dini huwapanda wanaharakati kama ngazi, wakifika juu wanaitupa; angalia Iran. Kuhusu vijana wa msikitini, wanaogopa tutaitwa watu wa siasa kali. Mzee wangu, aliyekuwa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, mwaka 1991, anawacheka tu. Anasema bila Askofu Okullu hakuna kitu kingesonga nchi hii. Nani mkweli? Na je, watu wa dini na wale wanaotaka dini ikae kando na siasa wamewahi kupambana pamoja na utawala wa mabavu, kisha wasigeukiane?"

Mzee wako hakosei kuhusu Kenya, na wenzako hawakosei kuhusu Iran. Wanapopotoka ni kwenye sababu. Mzee anaamini kanisa lilisimama na wananchi kwa kuwa ni kanisa. Wenzako wanaamini maulama wa Iran waliwageuka wenzao kwa kuwa ni maulama. Mimi nikisoma barua yako naona hofu nyingine chini ya hiyo ya dini: siku kikundi kikipata nguvu, kitakuwa cha nani? Hilo ndilo nitakalolijibu, maana ndilo lililovunja ushirikiano wa namna hii karibu kila mahali.

Tuanze nyumbani. Henry Okullu alikuwa askofu wa Anglikana wa Maseno Kusini, makao yake hapo hapo Kisumu. Aprili 1990 alitaka hadharani kipengele 2A kifutwe na rais awekewe kikomo cha vipindi viwili. Kipengele hicho kilikuwa kimeingizwa kwenye Katiba Juni 1982, kikaifanya KANU chama pekee halali. Kabla ya Okullu, siku ya Mwaka Mpya, Kasisi Timothy Njoya alikuwa amehubiri Nairobi kuhusu tawala za Ulaya Mashariki zilizokuwa zikianguka, na kila mtu alielewa anamsema nani. Kenneth Matiba na Charles Rubia walitoa wito wao Mei, na Julai wakatiwa kizuizini. Kwa hiyo ndiyo, watu wa mimbari walitangulia.

Na walilipa. Agosti mwaka huo huo Waziri wa Leba, Peter Okondo, aliwaonya Okullu na mwenzake wa Eldoret, Alexander Muge, wasikanyage Busia, kwamba wakifika huenda wasitoke hai. Muge akaenda. Tarehe 14 Agosti, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori akafa. Okondo alijiuzulu. Mzee wako akilitaja jina la Okullu kwa sauti ya chini kidogo, mwelewe.

Ila kanisa halikuwa moja. Baraza la Makanisa, NCCK, lilipopinga kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea badala ya kura ya siri, mwaka 1986, AIC, kanisa alilosali Rais Moi mwenyewe, lilijitoa kwenye baraza hilo. Wachungaji waliokunywa chai Ikulu na kurudi na ahadi ya harambee hawakuwa wachache. Tunawakumbuka Okullu, Muge, Njoya na Gitari kwa sababu walijitokeza walipokuwa wenzao wengi wamenyamaza. Hapa Nakuru tunamkumbuka Askofu Mkatoliki Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyepaza sauti Molo ilipokuwa ikichomwa mwaka 1992. Basi ukiniuliza kama kanisa litawasaidia, nitakuuliza kwanza: ni kanisa gani, na ni mtu gani humo ndani?

Sasa nieleze kwa nini ilikuwa rahisi kwa askofu kusema kuliko wakili. Haikuwa ujasiri tu. Siku zile mkutano wa hadhara ulihitaji laiseni ya DC, yaani mkuu wa wilaya, ibada haikuhitaji. Kila Jumapili, kuanzia Malaba hadi Migori, watu walikusanyika bila kuomba ruhusa na mtu mmoja akasema mbele yao bila kukatizwa. Kanisa lilikuwa na sadaka zake, ofisi zake mpaka kijijini, na marafiki ng'ambo ambao wangepiga simu kiongozi wake akikamatwa. Vyama vya wafanyakazi na vyama vya wanafunzi vilikuwa vimeshavunjwa au kununuliwa. Serikali iliweza kulipiga marufuku jarida la NCCK lililoitwa Beyond, mwaka 1988 lilipoandika wizi wa kura za mlolongo, na kumtia mhariri wake jela. Kuifuta Jumapili haikuweza.

Ndivyo inavyokuwa popote penye utawala wa mabavu: dini hubaki na mahali pa kukutania wakati wengine wote wamefungiwa milango. Chile chini ya Pinochet, waliokuwa wakitafutwa na wanajeshi, wengi wao watu wa mrengo wa kushoto wasiokanyaga kanisani, walipata mawakili kupitia ofisi ya mshikamano iliyofunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1976. Leipzig, Ujerumani Mashariki, mwaka 1989 watu walitoka kwenye sala za Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolasi wakaingia barabarani, na wengi wao hawakuwa waumini kabisa.

Lakini mahali pa kukutania si harakati. Chukua akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwisho wa Februari 1992 waligoma kula katika Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Walikimbilia chini ya Kanisa Kuu la All Saints, wakaishi humo karibu mwaka mzima mpaka wana wao wakaanza kutoka. Kanisa lilitoa paa. Mama ndio waliotoa msimamo, mawakili wakatoa kesi, magazeti yakatoa habari. Ukiondoa kimoja, vilivyobaki haviendi mbali. Na paa lenyewe lina kikomo: siku ya maandamano ya Saba Saba, 7 Julai 1997, polisi waliingia ndani ya kanisa lile lile wakawapiga watu, Njoya akiwa miongoni mwa waliojeruhiwa siku hiyo.

Wenzako wanawaona watu wa dini upande huu na wasio wa dini upande ule. Kenya haijawahi kuwa hivyo. Wanasheria waliopigania vyama vingi, kina Paul Muite na Gitobu Imanyara, na wazee wa FORD kama Jaramogi, Masinde Muliro na Martin Shikuku, hawakuwa watu wa kuipinga dini. Mpaka ulipita kati ya taasisi: nani anawajibika kwa sinodi, yaani baraza la kanisa, na nani anawajibika kwa wanachama au wapiga kura. Ndiyo maana FORD ilipopasuka mwaka 1992, haikupasuka kwa sababu ya Mungu. Ilipasuka juu ya nani awe mgombea wa urais, makasisi wakijaribu kupatanisha na kushindwa. Moi akarudi Ikulu na takriban asilimia 36 ya kura, wapinzani wake wakiwa wamegawana zilizobaki.

Mgawanyiko wa dini hasa ulikuja baadaye, na hili wengi wa rika lako hawalijui. Desemba 1999 viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu walikaa na wanaharakati katika jumba la Ufungamano, Nairobi, wakaanzisha mchakato wao wa Katiba kwa kutoamini ule wa serikali. Mwaka 2001 ukaunganishwa na tume ya Profesa Yash Pal Ghai. Ilikuwa kazi nzuri sana. Miaka 9 baadaye Katiba waliyoihangaikia ilipofika kwenye kura ya maoni, NCCK na maaskofu Wakatoliki walipiga kampeni ya "La", kwa sababu ya mahakama za makadhi na kifungu kinachogusa utoaji mimba. Wakajikuta jukwaa moja na Moi. Wanaharakati na Waislamu wakawa upande wa "Ndiyo", na Katiba ikapita tarehe 4 Agosti 2010 kwa asilimia 67 hivi. Makasisi hawakumsaliti mtu. Mambo hayo mawili yalikuwa mezani tangu zamani, ila hakuna aliyetaka kuyafungua mpaka mwisho wakati adui mkubwa bado alikuwa Ikulu.

Sasa Iran, ambayo kila mtu huitaja na wachache huifuata tarehe kwa tarehe. Novemba 1978 Karim Sanjabi, kiongozi wa National Front, chama cha wazalendo wasio wa dini, alikwenda Ufaransa kumwona Ayatollah Khomeini uhamishoni. Wakatoka na tamko fupi mno: utawala wa Shah, mfalme wa Iran, si halali, na serikali ijayo itatokana na kura ya wananchi, kwa misingi ya Uislamu, demokrasia na uhuru. Misingi ya Uislamu ina maana gani? Nani ataifasiri? Wanawake? Magazeti? Hakuna neno. Shah aliondoka Januari 1979. Mwisho wa Machi wananchi wakaulizwa swali moja, Jamhuri ya Kiislamu, ndiyo au hapana, bila chaguo la tatu. Sanjabi, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alijiuzulu Aprili. Waziri Mkuu Mehdi Bazargan akafuata Novemba. Juni 1981 Khomeini aliwatangaza National Front kuwa wameritadi. Wakomunisti wa Tudeh, waliomuunga mkono wakidhani zamu yao itafika, walipigwa marufuku mwaka 1983.

Tazama basi vitu viwili ambavyo hadithi ya ngazi haisemi. Bazargan alikuwa Mwislamu mcha Mungu, na Ayatollah Shariatmadari, mmoja wa wanazuoni wakubwa kabisa wa nchi hiyo, alipopinga madaraka ya Khomeini alifungiwa nyumbani mwake mpaka alipofariki. Kwa hiyo walioumizwa hawakuwa wasio na dini peke yao. Pili, upande mmoja ulikuwa na misikiti nchi nzima, na kabla ya mwaka kuisha ukawa na silaha. Upande wa pili ulikuwa na wasomi na tamko la mistari michache. Mimi nadhani hata Khomeini angekuwa mwanasheria mwenye suti, mizani ile ingezaa kitu kama kile.

Watawala wa mabavu wanalijua hili kuliko wapinzani wao, ndiyo maana hutumia nguvu nyingi kuwafanya muogopane. Rais Hosni Mubarak wa Misri aliwaachia Ndugu wa Kiislamu, vuguvugu la siasa za Kiislamu, viti 88 bungeni mwaka 2005, kisha akawaonyesha Wamarekani: ni mimi au hawa. Tunisia, Rais Ben Ali aliwafunga na kuwatesa wafuasi wa Ennahda, chama cha Kiislamu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wengi wasio wa dini wakanyamaza, wengine hata wakapumua. Walipomalizika hao, akawageukia watetezi wa haki na mrengo wa kushoto. Kwetu, mwaka 1992, chama cha IPK, Islamic Party of Kenya, kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Hapa nawaomba wenzako wajipime: askofu akisema, tunaita dhamiri, sheikh akisema, tunauliza ana ajenda gani. Woga wenu wa kuitwa watu wa siasa kali ndio woga ambao mtawala wa namna ile angewatakia.

Swali lako la mwisho linajibiwa na Tunisia, ingawa jibu lina doa. Tarehe 18 Oktoba 2005, mkutano wa dunia kuhusu intaneti ukikaribia kufanyika Tunis, wanaume 8 wa mielekeo tofauti waligoma kula pamoja, kuanzia chama cha kikomunisti cha Hamma Hammami hadi Ennahda. Mgomo ulipoisha hawakuachana. Walikaa miaka iliyofuata wakibishana na kuandika: usawa wa mwanamke na mwanamume, uhuru wa kubadili imani, uhusiano wa dini na dola. Waliandika wakiwa hawana kitu, wengine wakitoka jela. Ben Ali alipokimbia Januari 2011, maandishi hayo yalikuwepo. Ennahda ilishinda viti 89 kati ya 217, ikaunda serikali na vyama viwili visivyo vya kidini, na mwaka 2012 ikakubali kutoiingiza sharia kwenye Katiba. Haikuwa laini. Mwaka 2013 wanasiasa wawili wa mrengo wa kushoto waliuawa na nchi ikakaribia kuanguka. Chama kikuu cha wafanyakazi, UGTT, pamoja na wenye viwanda, watetezi wa haki na mawakili ndio waliowarudisha mezani. Katiba ilipita Januari 2014 kwa kura 200 za wabunge 216. Doa ni kwamba tangu Julai 2021, Rais Kais Saied alipojitwalia madaraka, wa dini na wasio wa dini wamekuwa wakikutana gerezani tena.

Usidhani basi karatasi ni dawa. Misri, Juni 2012, Mohamed Morsi, mgombea urais wa Ndugu wa Kiislamu, aliwaahidi wanaharakati hotelini Fairmont kwamba akishinda ataunda serikali ya umoja. Novemba akatoa amri iliyoweka maamuzi yake juu ya mahakama. Wengi wa waliosaliti­wa wakapigia makofi mapinduzi ya jeshi ya Julai 2013, na kabla mwaka haujaisha Ahmed Maher wa vuguvugu la Aprili 6 alikuwa jela chini ya jeshi lile lile. Tofauti ya Misri na Tunisia, kwa maoni yangu, haiko kwenye uaminifu wa watu. Tunisia hapakuwa na upande wenye wingi peke yake, jeshi lilikaa kando, na palikuwa na mtu wa tatu mwenye uzito, yaani UGTT.

Karibu na kwetu zaidi iko Malawi, na ndiyo ningependa msome kwanza. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki walitoa waraka dhidi ya Rais Kamuzu Banda, ukasomwa makanisani nchi nzima. Lakini hawakubaki na jambo hilo mikononi mwao. Iliundwa kamati, Public Affairs Committee, ikawa na Wapresbiteri, Waislamu, wanasheria na wafanyabiashara, na hiyo ndiyo iliyojadiliana na serikali. Kura ya maoni ya Juni 1993 iliukataa utawala wa chama kimoja, na 1994 nchi yenye Wakristo wengi ikamchagua Bakili Muluzi, Mwislamu.

Kwa hiyo ukumbi mchukueni. Kukataa paa kwa kuogopa mwenye paa ni kujinyima bure. Ila muulizeni mchungaji mambo mawili kabla ya kuingia. Je, kuna mada ambayo hatutaruhusiwa kuijadili humo? Akisema ipo, mshukuruni kwa kuwa mkweli, na hiyo mkaijadilie kwingine. Na kanisa lake lina kanuni gani kuhusu pesa za wanasiasa? Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ya wanasiasa, ya rais ikiwemo, na kuagiza irudishwe. Kanisa linalopokea bahasha kila Jumapili litawapa ukumbi leo na kuufunga wiki ya uchaguzi.

Vijana wa msikitini waingie kama wanachama sawa na wengine, si kama wageni wa kupigwa picha. Kikao kisiwekwe Ijumaa mchana. Mkitaka kufungua kwa sala, basi ziwe za zamu au pawe na dakika ya kimya, lakini amueni mara moja, maana mambo madogo ya aina hii ndiyo yanayofanya mtu asirudi bila kusema kwa nini. Na msikiti ukiwa na chumba, kutaneni huko pia mara kwa mara, ili kikundi kisizoee mlango mmoja.

Kisha andikeni. Mnajua chama cha kuchangiana pesa kinavyovunjika: si wakati wa kuchanga, ni Desemba, wakati wa kugawana, na hasa kile kisichokuwa na katiba. Nyinyi bado hamna cha kugawana, kwa hiyo huu ndio wakati. Andikeni nani anaongea kwa jina la kikundi na anabadilishwa baada ya muda gani. Andikeni pesa zinatoka wapi na ni za nani zisizopokelewa. Andikeni kwamba hakuna anayegombea kiti kwa jina la kikundi. Anayegombea anatoka kwanza. Halafu, na hapa msiruke, orodhesheni mambo msiyokubaliana: makadhi, utoaji mimba, chochote kile. Msiyatatue. Kubalianeni tu kwamba kikundi hakitakuwa na msimamo juu yake na kila mwanachama yuko huru kusema lake kwa jina lake. Ufungamano ingefanya hivyo mapema, nadhani 2010 ingeuma kidogo kuliko ilivyouma. Mtafutieni karatasi hiyo mtu wa tatu wa kuishika, asiye wa kanisa hilo wala wa kikundi: mwalimu mstaafu, chama cha wafanyakazi, yeyote mnayemheshimu wote.

Baadhi ya mambo sitaweza kuwasaidia nayo kwa maandishi. Mkitaka kusajili kikundi, kufungua akaunti au kutia sahihi makubaliano na jimbo la kanisa, kaeni na wakili ana kwa ana. Tawi la chama cha mawakili huko kwenu linaweza kuwaelekeza kwa anayefanya kazi za namna hii bila malipo. Mkiwaza kuwa chama cha siasa, Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kilichoundwa kwa misingi ya dini, na hilo lina athari zake kwa hao wanaowapa ukumbi pia. Mkitoka ukumbini kwenda barabarani, OCS, mkuu wa kituo cha polisi, apewe taarifa siku 3 hadi 14 kabla. Ni taarifa, si ombi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Na mmoja wenu akiitwa kituoni kwa simu "aje tu tuongee", asiende peke yake wala asitume mchungaji badala ya wakili. Mchungaji aende pia, akae naye, ila anayejibu maswali ya polisi awe na wakili kando yake. Akikamatwa, hesabuni saa 24 za kumfikisha mahakamani, na mtu mmoja aliyeteuliwa mapema ndiye awapigie simu wazazi wake.